Majina Yenu Hayakusomwa: Barua kwa Wajukuu Zangu wa Kidato cha Nne

Wajukuu zangu,

Marahaba. Najua hamjaniamkia, lakini mzee akiandika barua salamu huwa ameshaipokea. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yananidai.

Nilikuwapo Jumamosi ile. Nilikaa mstari wa nne, kwenye viti vya plastiki chini ya turubai la bluu, nimevaa kitenge cha kijani. Huenda mliniona mkadhani nasinzia. Sikusinzia hata kidogo. Nilifumba macho kwa hasira.

Mahafali yenu yaliandikwa saa nne asubuhi. Mgeni rasmi aliingia saa nane na nusu, tukasimama, tukampigia makofi kama vile ni sisi tuliochelewa. Haya, tumeshazoea. Risala ikasomwa: uzio hakuna, gari hakuna, matundu ya vyoo hayatoshi. Mgeni akaijibu kwa muda wa kuiva maharage, sehemu kubwa akitueleza alivyosoma kwa shida. Ikaja ndafu, ikakatwa, watu wakalishana. Ikaja harambee, bahasha zikatajwa moja moja pamoja na majina ya waliozitoa, na hapo hakuna aliyekumbuka muda. Kisha, jua limeshainama upande wa ziwani, MC akashika kipaza sauti: "Kwa sababu ya muda, majina hatutasoma. Vyeti mtachukua Jumatatu kwa mwalimu wa taaluma." Muziki ukafunguliwa. Nanyi mkapiga vifijo mkaingia kucheza.

Kulia kwangu alikaa mama mmoja kutoka Ukara. Alikuwa ametoka kwake Ijumaa alfajiri: pantoni mpaka Bugolora, gari mpaka Nansio, meli mpaka Mwanza, akalala kwa ndugu Igoma. Kwenye kikapu alikuwa na shada la pipi alilolishona mwenyewe kwa uzi wa nyavu. Tangu asubuhi kila makofi yalipopigwa alinigeukia, "Bado?" Namjibu bado. MC alipotangaza habari ya muda hakumwelewa vizuri, maana kijana yule nusu ya maneno yake yalikuwa Kiingereza, akaniuliza, "Kwani wameshasoma?" Nikamwambia, mama, hawatasoma. Hakulalamika. Alilirudisha lile shada kikapuni, akalifunika kwa khanga, akaifunga ncha.

Barua hii ni kwa ajili ya hilo. Mkitaka siri za mafanikio maishani, kuna watu mjini wanaziuza kwa kiingilio.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka 1978 nilikuwa na miaka 24, mwalimu wa Jiografia na Kiswahili katika shule moja ya bweni ya wavulana hapa Mwanza, kwenye mawe, ziwa linaonekana ukiwa bwaloni. Kidato cha nne walikuwa 31. Wengine walikuwa wananipita kimo, na wawili nina hakika walinizidi umri, kwa sababu enzi zile mtu alianza shule baada ya kuchunga ng'ombe mpaka mdogo wake apate miguu ya kumpokea fimbo. Waliniita Mwalimu. Hili la "madamu" limekuja baadaye, na silipendi.

Mwisho wa Oktoba majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka, yakaingia Kagera. Tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote mpaka mto Kagera ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Sisi Mwanza tulikuwa ng'ambo ya ziwa, lakini ziwa halina ukuta. Wiki hiyo hiyo tukaanza kuchimba mahandaki nyuma ya mabweni, tukatundika blanketi madirishani ili mwanga usitoke usiku. Vijana 31 wanajiandaa na mtihani wa mwisho, mchana wanashika sururu, usiku wanasoma kwa chemli iliyoteremshwa utambi.

Mahafali hayakuwapo. Mafuta ya gari yalikuwa ya jeshi, mgeni wa kumwalika hakuna, na yule mpiga picha wa mjini aliyekuwa akija kila mwaka na kitambaa chake cheusi alituma habari kwamba filamu zimemwishia na hajui atazipata lini. Vijana waliumia kwa picha kuliko kwa pilau. Picha ya darasa ilikuwa ndiyo kitu pekee mtu alichorudi nacho nyumbani kuonyesha kwamba kweli alikuwapo.

Mkuu wa shule akatuita walimu ofisini. Akatoa daftari moja nene, la jalada gumu lenye mgongo mwekundu, akasema tugawane majina, kila mwanafunzi aandikiwe ukurasa wake: jinsi alivyo, anavyotembea, anachopenda, anachokera. Siyo maksi, akasisitiza, maksi zipo kwenye faili. Usiku wa mwisho kabla hawajatawanyika tutawasomea. Mimi kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri nikapewa majina 13, na ndiye niliyepewa kulitunza daftari. Ninalo mpaka leo. Mende wamekula pembe za jalada, lakini kurasa ni nzima.

Mtaniuliza, bibi, unalalamikia majina na wewe mwenyewe mbona hutaji hata moja? Majina hayo yana wenyewe, wana watoto na wajukuu, na mengine ninyi mnakaa nayo dawati moja. Hapa nitawaita kwa majina ya utani ya bwenini. Wao wanajijua.

Kulikuwa na Kamongo, jina la yule samaki wa matopeni. Nimeandika hivi: "Hulala katika kila kipindi cha jioni, kichwa juu ya kitabu, mate yakichora ramani. Lakini uliza swali, atafumbua jicho moja, ajibu sawasawa, alifumbe tena. Kama kamongo aliyejizika matopeni, anasubiri mvua yake." Darasa lilicheka mpaka mkuu akapiga meza, maana kucheka nako kulitakiwa kuwe kwa chini. Kamongo mwenyewe alikuwa amelala.

Kulikuwa na Redio. Mjomba wake alimletea redio ndogo ya betri, na kwa kuwa betri zilikuwa adimu, aliisikiliza peke yake kwa sauti ya chini, sikio limebanwa, halafu anasimama juu ya kitanda kuwarudishia wenzake taarifa yote ya habari kwa sauti ya mtangazaji, pamoja na ile pumzi ya katikati. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa, bweni zima lililisikia tamko lile kutoka kinywani mwa Redio: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Baadaye walipoisikia sauti yenyewe ya Mwalimu, baadhi yao walisema Redio alilisema vizuri zaidi. Nilimwandikia kwamba hatakufa njaa maadamu ana koo. Aliishia kunadi mitumba Mlango Mmoja miaka mingi, na ukipita ukasikia suruali inaelezewa kama taarifa ya vita, ujue ndiye.

Kulikuwa na wawili ambao hawakusemezana mwaka mzima kwa sababu ya ndoo. Nani aliivunja, mpaka leo sijui. Kwenye mgao wa mahandaki wakapangiwa shimo moja. Niliwaandikia ukurasa mmoja wa pamoja, wakaukataa, kila mmoja akataka wake.

Na Meja. Huyu alikuwa mtoto wa mvuvi wa kisiwa cha Kome, mwembamba, mwenye kamba mfukoni siku zote. Wenzake walichimba mahandaki kama wanaotafuta mihogo. Yeye alipiga vigingi, akavuta kamba, akakata kona kwa panga mpaka zikanyooka. Nilimwambia, mwanangu, hili ni shimo la kujificha, halikaguliwi. Akanijibu, "Mwalimu, mtu akiwa na hofu asije akajikwaa." Handaki lile halikuwafaa wao, maana walikuwa wameshaondoka. Liliwafaa wadogo zao mwishoni mwa Machi 1979, ndege ya Libya ilipokuja kumsaidia Amin, ikalenga matangi ya mafuta ya hapa Mwanza. Mabomu yalikosea yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Tuliingia kwenye shimo la Meja watu 40 na kitu, na kweli hakuna aliyejikwaa.

Wa sita nitamkalia kidogo. Tulimwita Mwana wa Kyaka, ingawa kwao ni mbele ya Kyaka, ng'ambo ya mto, huko huko Amin alikosema ni kwake. Tangu Oktoba hakupata barua. Alikuwa na shati jeupe moja la shule, analifua kila jioni na kulianika juu ya jiwe lile lile, halafu anakaa kando yake mpaka likauke, kana kwamba akiondoka nalo litapotea. Ukutani darasani kulikuwa na ramani ya Afrika Mashariki. Asubuhi moja niliingia mapema nikamkuta amesimama mbele yake, kidole kimewekwa penye mto, hakisogei. Nilitoka nikasubiri nje. Alipokuja kufungua mlango akasema tu, "Nilikuwa nasoma, Mwalimu." Nimeyaandika hayo kwenye ukurasa wake, lile shati na kidole, na nilipoyasoma mbele ya wenzake nilimwona anatazama chini, nikaogopa nimemuumiza. Kumbe hapana. Mama yake alikuwa hai, amekimbilia kwa ndugu Bukoba na mbuzi wawili. Miaka ilipopita kijana huyu, sasa mwanamume mwenye mvi, alikuja kwangu akaniomba nimnakilie ukurasa ule, ameuweka kwenye fremu. Picha ya ujana hana hata moja.

Sasa msije mkadhani nasifia vita. Nawachukia sana wazee wanaowaambia kwamba ninyi ni laini, hamjui shida, sisi wakati wetu. Wakati wetu ulikuwa mbaya. Kampala ilianguka Aprili 1979, tukaimba barabarani mpaka sauti zikakauka, halafu tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18. Miezi 18 ile ikazaa mingine. Niliwahi kupanga foleni ya sukari tangu usiku, nikafika dirishani nikauziwa dawa ya mbu. Hakuna kitu kizuri ndani ya hayo. Ninachowaambia ni kwamba katika ubaya wote ule, bila mafuta, bila filamu, na pilau isiyo na nyama, watu wazima walikaa chini wakamtazama kila mtoto mpaka wakapata la kuandika. Na ninyi mlio na simu zenye kamera tatu, mgeni rasmi, spika zinazotikisa kifua na ndafu iliyovishwa miwani, mmeondoka bila mtu kuwatazama.

Na si kosa lenu peke yenu. Kosa ni letu, na tulilianza zamani. Tumewazoesha kuwa namba. Mtoto akiingia kidato cha kwanza anapewa namba ya usajili, akifika cha nne anapewa namba ya mtihani, matokeo yakitoka anatafutwa kwa namba, na shule inatundika bango getini: daraja la kwanza wangapi, la pili wangapi. Sijawahi kuona bango linalosema tulikuwa na kijana aliyekuwa akimbeba mwenzake mwenye mguu mbovu kupanda mawe kila asubuhi. Na yupo, katika shule yenu hii hii, nimemwona kwa macho yangu. Mwalimu ana watoto themanini darasani, hajui huyu ni nani, na simlaumu, namlaumu aliyemjazia.

Tunavyofanya shuleni ndivyo tunavyofanya majini. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu kabisa na hapa, nilikuwa miongoni mwa waliosimama bandarini. Daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Daraja la tatu, ambako watu walijazana na ndizi zao, hakukuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo watu wanabishana walikufa wangapi. Nendeni makaburini Igoma mkaone. Mtu aliyelipa nauli ndogo hakuandikwa jina. Miaka 22 baadaye, Septemba 20, 2018, pantoni ya MV Nyerere ikapinduka ikikaribia Ukara, ikaua zaidi ya watu 220, na tukaanza tena kuulizana mle ndani walikuwamo wangapi. Mama yule wa Jumamosi kila akija Mwanza anapita maji yale yale. Halafu sisi tunamwambia kwamba jina la mwanawe halikusomwa kwa sababu ya muda!

Nimepandisha presha. Ngoja ninywe maji.

Nina mengine ya kuwaambia, ni ya haraka, yasomeni mkiwa mmesimama. Laleni usiku wa kuamkia mtihani. Mkapime kichocho, nyote mliokulia ziwani, msione aibu. Msikope kwa wale wa riba ya kausha damu hata kama ni elfu kumi. Simu ya kubeti siyo ajira. Ukipanda bodaboda dai kofia, na kama hana, shuka. Wasichana, mwanamume anayekuzuia kusoma kwa sababu atakuoa, atakuzuia na kula. Wavulana, mkajifunze kupika, mama zenu wamechoka. Atakayefeli arudie, na asiyeweza kurudia aje VETA, aje kwa fundi, aje hata kwangu tuzungumze, asijifungie ndani.

Hayo yamekwisha. Narudi kwenye daftari, kwa sababu bado sijawaambia kwa nini niliumia kiasi kile, na mtu mzima akikasirika hadharani lazima aseme alikojikwaa mwenyewe.

Katika majina yangu 13, kumi na mawili niliyaandika vizuri. Niliyapenda, niliyafuta, niliyarudia. La mwisho lilikuwa la kijana wa upande wa Misungwi. Alikaa dawati la tatu kutoka nyuma, karibu na ukuta. Hakuwahi kuchelewa, hakuwahi kuadhibiwa, hakuwahi kunyoosha mkono. Maksi zake za katikati. Ilikuwa usiku, mafuta ya chemli yanakwisha, mkono umechoka, nikalitazama jina lake nikatafuta kitu, sikupata. Nikaandika: "Mtiifu. Mkimya." Nikafunga daftari nikalala.

Usiku wa kusoma nilipofika kwake nikasoma maneno yale mawili. Wenzake walimpigia makofi kama walivyompigia kila mtu. Akasimama, akasema, "Asante, Mwalimu," akakaa. Nikafungua ukurasa unaofuata.

Aliingia mgambo. Wengi wa vijana waliopelekwa mbele miezi ile walikuwa mgambo waliofundishwa haraka haraka. Tulivyoambiwa baadaye, alikuwa kwenye brigedi iliyokutwa Lukaya, ndani ya Uganda, Machi 1979, kule kwenye barabara ya kupita katikati ya majimaji, usiku, ilipopigana na jeshi la Amin na Walibya waliokuja kulisaidia. Hakurudi.

Katikati ya mwaka mama yake alikuja shuleni. Alitembea sehemu ya njia, na sehemu nyingine akapewa lifti na lori la pamba. Alikuwa na kapu la matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, akanipa, kwa sababu mwanawe alimwambia likizo moja kwamba mwalimu wa Jiografia ana njaa sana ya matobolwa. Ni kweli, nilikuwa nayo. Nilikuwa nikiwauliza watoto wakitoka likizo. Kwa hiyo yule niliyeona hana la kuandikwa yeye alikuwa ameniona, akanipeleka mpaka kwao kwa maneno.

Mama alisema amesikia kwamba kuna daftari ambamo watoto wote wameandikwa, naye anaomba amwone wake. Nilitamani kumwambia limepotea. Nikalileta. Nikasema nimsomee, akakataa, akasema anajua kusoma. Alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima. Huku kwetu kanda ya ziwa kisomo kilianza mapema, akina mama wengi wa umri wake walijifunzia chini ya miembe. Akaweka kidole chini ya neno. Alisoma polepole, kwa kugawa silabi, kama tulivyowafundisha: m-ti-i-fu. Akapumzika. M-ki-mya. Kisha akalamba kidole, akafungua ukurasa wa pili, kwa sababu alidhani yanaendelea.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa Kamongo, umejaa mpaka pembeni. Alianza kuusoma. Alisoma mstari mzima wa kulala na mate kabla hajatambua kwamba huyo si wake. Akarudi nyuma. Akayasoma tena yale mawili. Akaniambia, "Ndiye. Alikuwa hivyo hivyo," akanishukuru. Sijawahi kushukuriwa kwa namna ya kuumiza kama ile, na alikuwa haigizi, alishukuru kweli.

Baada ya hapo niliwauliza wenzake kila nilipokutana nao, nikiwa na daftari au bila. Mmoja wa wale wawili wa ndoo aliniambia kwamba ni yeye, yule mkimya, aliyekuwa akiamka alfajiri kuwatekea maji wote wawili, ili wasikutane bombani wakapigana. Mwaka mzima. Meja aliniambia ndiye aliyemshikia ncha ya pili ya kamba. Nimeyaongeza yote, kwa wino mwingine, na tarehe. Ukurasa sasa umefika katikati. Lakini mama hakuurudia kuusoma, alifariki kabla sijafika kwao, na kijana amelazwa pamoja na wenzake makaburi ya mashujaa kule Kaboya. Nilikwenda mara moja. Nilisimama juani nikamsomea, watu wa pembeni wakanitazama kama nimepagawa.

Sasa nawaambia nini? Nawaambia mlikuwa pamoja miaka minne, na mtihani ukiisha mtatawanyika Geita, Ukerewe, Dar es Salaam, wengine migodini, wengine kwenye mialo, wengine kwa shangazi msikokujua. Wengi wenu hamtaonana tena. Picha mnazo mia tano kwenye simu, na katika mia tano hizo wewe ndiye uliye katikati. Simu itaibiwa stendi ya Buzuruga. Nani atajua kwamba aliyekaa nyuma yako alikuwa akiimba kwa pua akifanya hesabu? Nani atajua nani alikuwa akificha nusu ya andazi lake kwa ajili ya mdogo wake? Msisubiri mwalimu mwenye wanafunzi themanini. Msisubiri MC.

Nimeongea na mkuu wenu wa shule. Amekubali, kwa aibu kidogo, na ninamheshimu kwa aibu hiyo. Jumamosi ya wiki ijayo saa nne, na nikisema saa nne ni saa nne, bwaloni. Hakuna turubai, hakuna muziki, hakuna mgeni rasmi. Nitaleta daftari jipya lenye mgongo mwekundu, nimeshalinunua, wauzaji walicheka nilivyokuwa nachagua. Kila mmoja atavuta jina la mwenzake kwenye kopo na kumwandikia ukurasa mzima. Atakayeandika "mtiifu" nitamrudishia. Atakayeandika "mcheshi na mpenda watu" nitamrudishia pia, hiyo ni sifa ya tangazo la msiba. Nataka anavyotembea. Nataka anachokera. Kisha tutasoma majina yote, kwa sauti, kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, hata tukichwewa. Uji nitaleta mimi.

Yule kijana wa Ukara ninaomba asiingizwe kwenye kopo. Mama yake ameshaondoka na meli ya Jumapili, lakini nimechukua namba ya jirani yake mwenye simu, tutampigia asikilize. Huyo nataka nimwandikie mwenyewe, na kwa kuwa simjui, mnaokaa naye karibu njooni mniambie, mmoja mmoja, msitungetunge. Mstari wa kwanza ninao tayari. Niliwafuata kwa mbali wakati ninyi mnacheza, wakaenda kusimama nyuma ya tangi la maji. Mama akafungua ncha ya khanga, akatoa shada, akamvisha. Kijana akachuma pipi ya kwanza, akaimenya karatasi, akamwekea mama yake mdomoni.

Bibi yenu,
Mwalimu mstaafu, Mwanza